Jina la Ugonjwa na Kidonge Chake

Mtoto akipandwa na homa, mama humpeleka zahanati, akatobolewa kidole, tone la damu likapakwa juu ya kioo, na mtaalamu wa maabara akachungulia katika hadubini. Vidudu vya malaria ama vipo, ama havipo. Anayeshukiwa kuwa na kifua kikuu hutema kohozi katika kikopo. Wa kisukari hupimwa damu. Lakini kijana aliyeacha kulala usiku, anayezungumza na watu wasioonekana na wengine, na ambaye sasa anamtuhumu mama yake mzazi kuwa anamtilia sumu katika uji, huyo hana kioo wala kikopo cha kumpima. Daktari humwuliza maswali, huwauliza na ndugu zake, kisha huandika jina. Huenda likawa skizofrenia. Jina likishaandikwa vidonge hufuata, na mara nyingine hufuata maisha yote.

Hapa hatusemi kwamba ugonjwa wenyewe ni uzushi. Aliyekaa nyumba moja na mgonjwa wa namna hiyo hata mwezi mmoja hawezi kuthubutu kusema hivyo. Mashaka yaliyopo, na ambayo yamekuwa yakiandikwa na madaktari wenyewe kwa miaka mingi, ni juu ya mambo mawili: lile jina, na kile kidonge.

Tuanze na jina. Madaktari wa magonjwa ya akili wa Marekani wanacho kitabu kikubwa cha kuorodhesha magonjwa hayo, ambacho chama chao kilikitoa kwa mara ya kwanza mwaka 1952. Toleo la tatu, lililosimamiwa na Dakta Robert Spitzer na kutolewa mwaka 1980, ndilo lililoleta mtindo wa kuhesabu dalili: mtu akiwa na dalili kadhaa kati ya hizi, kwa muda wa kadhaa, basi ana ugonjwa fulani. Mtindo huo ulienea duniani kote. Faida yake ni kwamba daktari wa Boston na mwenzake wa Nairobi wakitaja jina moja, walau wanazungumzia jambo moja. Lakini dalili hizo zilipatikana kwa wataalamu kukaa kamatini na kuafikiana, wala si kwa kipimo cha maabara. Mwaka 2013, toleo la tano lilipokuwa karibu kutoka, Dakta Thomas Insel, ambaye wakati huo alikuwa mkuu wa taasisi ya taifa ya Marekani ya utafiti wa afya ya akili, aliandika waziwazi kwamba huo ndio udhaifu wa kitabu hicho. Maneno hayo hayakutoka kwa mpinzani wa nje. Yalitoka kwa mwenye nyumba.

Jina linalotokana na makubaliano huchukua rangi ya wale waliokubaliana. Mwaka 1851, huko Louisiana, daktari aitwaye Samuel Cartwright aliwatangazia wenzake kwamba amegundua ugonjwa wa akili unaowafanya watumwa weusi watoroke kwa mabwana zao. Aliupa jina la Kigiriki, drapetomania, na miongoni mwa dawa alizozipendekeza ni viboko. Leo twacheka, lakini wakati ule yalichapishwa katika jarida la kitabibu.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali hadi Louisiana. Tangu mwaka 1938 hadi 1950, hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, iliongozwa na Dakta J. C. Carothers, mtu aliyekabidhiwa kazi hiyo kabla ya kusomea magonjwa ya akili. Kutokana na wagonjwa aliowaona humo, alijenga hoja juu ya akili ya Mwafrika kwa jumla: kwamba hatumii ipasavyo sehemu ya mbele ya ubongo wake, na kwamba anafanana na Mzungu aliyekatwa sehemu hiyo kwa upasuaji. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilimchapishia kitabu chake juu ya akili ya Mwafrika katika afya na maradhi. Mwaka uliofuata Serikali ya kikoloni ya Kenya ilichapisha taarifa yake juu ya saikolojia ya Mau Mau, ambamo vita vya watu walionyang'anywa ardhi viligeuzwa kuwa tatizo la akili zilizotatizwa na ustaarabu mpya. Frantz Fanon, ambaye mwenyewe alikuwa daktari wa magonjwa ya akili katika hospitali ya Blida, Algeria, alimjibu Carothers vikali katika kitabu chake cha mwaka 1961, ambacho wasomaji wa Kiswahili wanakijua kwa jina la Viumbe Waliolaaniwa.

Carothers alishikilia pia kwamba sonona, yaani huzuni iliyozidi hadi ikawa ugonjwa, ni nadra kwa Waafrika. Ni kina mama wangapi waliopita mbele ya madaktari wa aina hiyo, wakilalamika kifua kubana na moyo kwenda mbio, wakarudishwa nyumbani bila kitu kwa kuwa kitabu kilisema ugonjwa wao haupo?

Sasa tuje kwenye kidonge, kwa maana hapo ndipo familia zinapoumia zaidi.

Dawa iliyofungua ukurasa mpya ni klopromazini, ambayo wengi wetu twaijua kwa jina la Largactil. Ilitengenezwa na kampuni ya Rhône-Poulenc ya Ufaransa mwezi Desemba 1950. Daktari wa upasuaji wa jeshi, Henri Laborit, aliyekuwa akitafuta namna ya kuwakinga wagonjwa wake na mshtuko wa kisu, aliona kuwa waliopewa dawa hiyo hawakulala, ila walikuwa kama watu wasiojali lolote linalowapata. Mwaka 1952, Jean Delay na Pierre Deniker wa hospitali ya Sainte-Anne mjini Paris wakaijaribu kwa wagonjwa wa akili. Wodi zilizojaa makelele zikatulia. Hilo halikuwa jambo dogo, kwa kuwa kabla yake palikuwa na minyororo, maji baridi, na upasuaji wa ubongo ambao mwanzilishi wake, Egas Moniz wa Ureno, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1949.

Tazama mpangilio wa mambo, ndugu msomaji. Kwanza dawa ilionekana kuwa inatuliza. Maelezo kwamba inafanya kazi kwa kuzuia kemikali ya ubongo iitwayo dopamini yalikuja zaidi ya miaka kumi baadaye. Nadharia ndiyo iliyoifuata dawa. Hata hivyo wagonjwa walianza kuambiwa kwamba kidonge kinasahihisha kasoro iliyokwisha kujulikana. Mambo yalikuwa hivyo hivyo kwa sonona: kwa miaka mingi watu waliambiwa kuwa wamepungukiwa na kemikali ya serotonini, na vidonge vikauzwa kwa hoja hiyo. Uchunguzi mpana wa tafiti zilizokwisha kufanywa, uliochapishwa mwaka 2022 na Dakta Joanna Moncrieff wa London na wenzake, haukuona ushahidi thabiti wa upungufu huo. Haina maana kwamba vidonge hivyo havimsaidii mtu yeyote; dawa yaweza kusaidia hata kama maelezo yake ni ya uongo. Lakini mgonjwa alistahili kuambiwa ukweli. Na fedha nazo zina sauti: mwaka 2009 kampuni ya Eli Lilly ya Marekani ilikubali kulipa dola zaidi ya bilioni 1.4, baada ya kushtakiwa kwa kuipigia debe dawa yake ya Zyprexa kwa matumizi ambayo haikuidhinishwa, hata kwa wazee waliopoteza kumbukumbu.

Dawa za kale, klopromazini, haloperidoli na ile sindano ya kila mwezi ya flufenazini, bado ndizo za bei nafuu, na bado ziko katika kliniki zetu. Mgonjwa aweza kutetemeka mikono, kuchuruzika mate, kukakamaa uso. Shingo yaweza kupinda ghafla na macho kugeukia juu. Aweza kushindwa kukaa kitini hata dakika tano. Aliyezitumia miaka mingi aweza kuanza kutafunatafuna pasipo kitu mdomoni na kutoa ulimi asiweze kuuzuia, na hali hiyo pengine haiondoki hata dawa ikisimamishwa. Nyumbani husemwa kwamba ugonjwa umezidi, au kwamba jini limepanda tena, na mgonjwa hupelekwa kwa mganga wakati ambapo angerudishwa kwa daktari akapunguziwe kipimo. Anayeficha kidonge chini ya ulimi huitwa mkaidi. Ni mara chache anapoulizwa kidonge hicho kinamfanya nini.

Je, atupe vidonge? La hasha. Kuacha ghafla ni hatari kubwa, na hapa wakosoaji wengine wamewapotosha watu. Huko Uholanzi, utafiti uliochapishwa mwaka 2013 uliwafuatilia kwa miaka 7 wagonjwa 103 waliougua kwa mara ya kwanza. Katika kundi lililopunguziwa dawa mapema kwa uangalizi, asilimia 40 walipona na kurudia shughuli zao. Katika kundi lililoendelea na kipimo kile kile, asilimia 18 tu. Wengi walishangilia. Lakini utafiti mwingine wa Uingereza, wa watu 253 walioishi na ugonjwa kwa muda mrefu, ulionyesha mwaka 2023 kwamba katika miaka 2 waliopunguziwa dawa polepole walirudiwa na ugonjwa mkali kwa asilimia 25, dhidi ya asilimia 13 ya wenzao, wala hawakupata nafuu zaidi katika maisha yao ya kila siku. Aliyeuongoza ni yule yule Dakta Moncrieff, mkosoaji wa dawa hizi, na aliyachapisha matokeo yasiyompendeza. Huo ndio uungwana wa sayansi.

Lipo jambo jingine lisilomo kidongeni. Shirika la Afya Duniani lilipowafuatilia wagonjwa 1,202 wa nchi tisa, kazi iliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1960, liliona kwamba wale wa Ibadan na Agra walikuwa na hali nzuri zaidi baada ya miaka kadhaa kuliko wa miji tajiri. Wapo waliokuja kuyatilia shaka matokeo hayo, wakikumbusha minyororo iliyomo hata katika vijiji vyetu, na wana haki. Lakini Dakta Thomas Adeoye Lambo alikwisha kuonyesha njia huko Aro, Nigeria, tangu mwaka 1954: mgonjwa alikaa kijijini pamoja na jamaa yake, akalima, akashiriki ngoma, na dawa alipewa vilevile. Tanzania nayo baada ya Uhuru ilianzisha vijiji vya kilimo vya wagonjwa wa akili kwa fikra kama hiyo.

Siku ya kliniki, basi, jamaa anayemsindikiza mgonjwa asiishie dirishani kupokea bahasha ya vidonge. Amwulize daktari dawa hii inatuliza nini, kwa nini kipimo ni hiki, na lini kitatazamwa upya. Mgonjwa naye aulizwe, tena yeye kwanza. Na kwa kuwa daktari ana foleni ndefu na hana muda wa kukumbuka kila mtu, jamaa aende na daftari la shule lililoandikwa mwezi mzima: tarehe, vidonge vilivyomezwa, saa za usingizi, hali ya mikono, hali ya ulimi, na siku mgonjwa alipocheka.