Kalafati: Kazi Isiyoonekana Inayookoa Roho

Jahazi jipya likishushwa majini pale Matondoni, katika kisiwa cha Lamu, sifa humwendea fundi aliyepanga mbao. Tanga likitwekwa, sifa humwendea nahodha. Anayesahauliwa ni mtia kalafati, na hali roho za mabaharia wote zi mikononi mwake.

Msomaji mpenzi, neno hili limesafiri bahari nyingi. Waarabu wanalo, na Wareno nao humwita fundi wa kazi hii *calafate*. Maana yake ni kuziba nyufa zilizo baina ya ubao na ubao ili maji yasipenye. Wazee wetu wa zamani waliounda mitepe walizishona mbao kwa kamba za makumbi ya nazi, pasi na msumari. Mitepe ilivuja sana, na kufua maji ilikuwa kazi ya usiku na mchana. Mwanzoni mwa karne ya 20 vyombo hivyo vilitoweka, vikabaki vile vya misumari.

Kazi yenyewe hufuata maji. Bamvua likifika, chombo hupwelezwa pwani kikaegemezwa kwa magadi. Fundi huichokoa pamba ya zamani iliyooza, akasokota pamba mpya iliyolowa mafuta, kisha akaishindilia ufani kwa patasi butu na nyundo. Hatazami tu, bali husikiliza pia, maana sauti ya nyundo hubadilika ufa ukishajaa. Matundu ya misumari nayo huzibwa vivyo hivyo. Mwisho, sehemu izamayo majini hupakwa deheni, yaani shahamu iliyochanganywa na chokaa, na mbao za juu hupakwa sifa.

Huenda mtu akauliza: kwa nini pamba, na isiwe kitu kigumu kama saruji? Jawabu ni kuwa ubao hautulii. Ukinywa maji huvimba, ukipigwa na jua hunywea. Kigumu hupasuka mbao zikisogea, lakini pamba hubanwa ikakubali, na ikilowa hujaa zaidi. Hata hivyo, kuzidisha nako ni hatari. Pamba ikishindiliwa kupita kiasi husukuma mbao mbalimbali na kulegeza misumari, na ufa mmoja ukazaa nyufa kumi. Kipimo hicho hakimo katika kitabu chochote. Kimo katika mkono wa fundi.

Hapo ndipo penye wasiwasi wetu. Mashua za faiba, zisizohitaji pamba wala deheni, zimezidi pwani, na kijana hulaumiwa bure akikimbilia kazi yenye malipo ya haraka. Mji wa Kale wa Lamu uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, na nyumba zake za mawe zina wa kuzitetea. Lakini elimu ya kalafati haikujengwa kwa mawe. Fundi akifa bila mwanafunzi, huzikwa nayo.

Basi wenye vyombo wasingoje mpaka maji yajae ngamani ndipo wamwite fundi. Na wakimwita, wamwombe aje na kijana wa kumshikia pamba, nao wamlipe kijana huyo ujira wake. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na huko baharini hakuna pa kuujenga.