Ufa mdogo kwenye fibra: usikimbilie rangi

Wandugu, parishoki ya fibra ikipasuka kidogo, wengi wanapaka mastiki, wanapiga rangi, basi. Kisha siku chache ufa unarudi, feza ya rangi imeenda bure. Sababu? Mastiki inajazaga tu. Nguvu iko kwenye nyuzi za vioo.

Kwanza kaza buloni zilizolegea, maana njo zinaletaga ufa. Vaa maski, vumbi linawasha koo. Safisha na asetoni, chimba ule ufa kama V, kwarua na msasa 80. Kwa nyuma bandika kitambaa cha fibra na rezini yenye kigumishi 1 mpaka 2%. Ikikauka vizuri, weka mastiki, msasa 180, kisha 320, rangi ya chini, ndipo rangi yenyewe.