Tivi Kubwa ama Projekta? Anza na Jua

Msee akihamia keja mpya Kanairo, ata kabla pazia ipande, mbogi ishaanza kumpangia maisha. Huyu anasema vuta tivi ya inchi 55 umalize story. Yule anasema achana na tivi, shika projekta, ukuta mzima ukuwe sinema. Ukiingia kwa simu unapata wasee wa majuu wamekupa jibu tayari: projekta ndio form, inchi 120, taa zimezimwa, popcorn kando.

Ni fiti, lakini cheki kwao. Hao wasee wanawatch kwa vyumba vya chini ya nyumba hazina ata dirisha, na winter giza inawashukia mapema jioni. Huku tuko hapa ikweta. Jua ya Nairobi inalalanga karibu saa kumi na mbili na nusu, Januari hadi Disemba, na haijali ni nani anacheza. Vita ya tivi na projekta inaamuliwa hapo. Inchi zinakuja baadaye.

Shida ni hii: projekta haiwezi rusha weusi. Inarusha mwanga tu. Kile unaona kama nyeusi kwa sinema ni ukuta wako vile uko. Saa nane mchana na pazia ya landlord, ukuta uko cream, so ata ile sini ya usiku inakuwa cream. Jambazi amejificha gizani na sisi wote tunamwona.

Sasa piga hesabu ya gemu. Mechi ya kwanza ya EPL Jumamosi huku inaingia saa nane na nusu ama tisa na nusu, vile Waingereza wamesongesha saa zao. Zile nyingi zinafuata saa kumi na moja ama kumi na mbili. Yaani first half ya projekta unawatch ukiwa umekunja macho. Champions League nayo mara mingi inaanza saa nne ama saa tano usiku, na hapo projekta inakuwa mfalme. AFCON ya 2027 inakam Kenya, Uganda na Tanzania. Saa ni zetu, so gemu ya mchana itapigwa na jua ikiwa kwa dirisha yako.

Halafu kuna uongo ya boksi. Imeandikwa lumeni 9000, na wewe unadhani umeomoka. Hizo ni story za jaba. Namba ya kuulizia ni ANSI, na tule tu-projekta tudogo tweupe twa bei ya mtaa mara mingi hatugusi ata 300. Na kumbuka picha ya inchi 100 si mara mbili ya inchi 50, ni mara nne. Mwanga ni ule ule, sasa umegawanywa mara nne. "4K" ya kwa boksi nayo inamaanisha inaweza soma faili ya 4K, si ati itakutolea 4K. Ulizia native ni ngapi. Nyingi ni 1280 kwa 720, na ukivuta hizo nukta hadi inchi 100, score ya kwa kona inaota manyoya.

Space pia ni kitu. Bedsitter ya futi kumi kwa kumi ni kama mita tatu. Projekta nyingi zinadai karibu hizo mita zote ndio zikupe inchi 100, kumaanisha itakaa nyuma kabisa, juu ya kitanda. Msee akiinuka kuongeza chai, kichwa yake iko ndani ya penalty box. Na keja mingi za kurent zimepigwa rangi ya mafuta, ile ya kung'aa, ndio caretaker asugue uchafu ya tenant amehama. Mwanga ukigonga hapo unarudi kama doa kali katikati ya picha. Shuka nyeupe imepigwa pasi ikavutwa ikakazwa inashinda hiyo ukuta mbali sana.

Sauti usiongee. Spika ya ka-projekta inapigana na feni yake yenyewe. Chomeka wufa na waya, juu ukitumia Bluetooth mdomo inaweza songa kwanza, maneno yafuate nyuma.

Si ati tivi ni malaika. Siku ya kuhama inabebwa kwa pikap katikati ya magodoro, na skrini ikipasuka fundi atakushow bei ya paneli uone heri uvute ingine mpya. Projekta inaingia kwa bag. Disemba unashuka nayo ocha, unapiga shuka kwa ukuta wa nje, macousin wote wanajipanga na stuli. Hiyo raha tivi haiwezi kukupa. Zote mbili wekea guard kwa soketi, juu stima yetu unaijua vile inapotea na vile inarudi na hasira.

So angalia wiki yako. Kama unawatch news, gemu za mchana na katuni za mtoi, chukua tivi. Inchi 43 inaonekana saa nane mchana inashinda inchi 100 ya usiku pekee. Projekta ni ya msee anarudi keja usiku na mbogi ya series, ama yule ako na tivi tayari na anadai kubambika.

Na ukiingia maduka za Luthuli Avenue kununua, usikubali demo ya samaki wa marangi kwa kona ya giza ya duka. Mwambie muuzaji aisogeze karibu na mlango, aweke gemu, usome majina kwa jezi. Akikataa, duka ya next iko hatua mbili mbele.