Mafuta ya Kikaango Ndani ya Land Cruiser

Katika majira ya joto ya mwaka 1938, basi moja la abiria lilikuwa likienda na kurudi kati ya Brussels na Leuven, nchini Ubelgiji, huku tangini mwake mkiwa na mafuta ya mawese kutoka Kongo. Hayakuwa mawese ghafi. Profesa G. Chavanne wa Chuo Kikuu cha Brussels alikuwa amegundua namna ya kuyachanganya na spiriti ili yageuke kuwa kimiminika chepesi kinachopita kwenye nozeli bila matata. Hataza yake, namba 422,877, ina tarehe ya 31 Agosti 1937, na ndiyo inayotajwa mara nyingi kuwa maelezo ya kwanza ya kile ambacho leo kinaitwa biodizeli.

Miaka michache baadaye, vita vikiwa vimepamba moto, jarida la kilimo la Kongo ya Kibelgiji lilichapisha ripoti ndefu ya M. van den Abeele kuhusu kazi hiyo. Humo mawese yaliyobadilishwa yalipewa namba ya setani ya takriban 83, wakati dizeli zilizolinganishwa nayo zilikuwa na 50 na 57.5. Setani ni kipimo cha wepesi wa mafuta kushika moto ndani ya injini, kwa hiyo mawese ya Kongo yalishinda kwa mbali. Nia ya utafiti ilikuwa kulifanya koloni lijitosheleze kwa mafuta ya magari.

Swali hilo la kujitosheleza kwa mafuta bado linaulizwa Fungurume. Mji huu wa migodi, ulio kati ya Likasi na Kolwezi, unaishi kwa dizeli, au mazutu kama wenyeji wanavyoiita. Dizeli inaendesha malori ya mgodi wa Tenke Fungurume, ambao kampuni ya Kichina ya CMOC iliununua kutoka kwa Freeport-McMoRan mwaka 2016 huku Gécamines ikibaki na hisa zake. Inaendesha pia jenereta za maduka na mashine za kusaga unga wa bukari, yaani ugali. Na inatoka mbali. Zambia jirani ina bomba la TAZAMA, lenye urefu wa kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, ambalo tangu 2023 linasafirisha dizeli. Upande wa Katanga ya zamani hakuna bomba. Dizeli inakuja kwa magari ya tangi, mengi yakipitia mpaka wa Kasumbalesa. Foleni ikirefuka mpakani, wa kwanza kupandisha bei ni wale wauzaji wa bidoni na chupa kandokando ya barabara wanaoitwa Kadhafi.

Wakati huohuo, nyuma ya majiko ya kambi za migodi kuna bidoni za mafuta yaliyokwisha kukaangia kuku na viazi. Mtu akiziangalia na kufikiria tangi lake, hajakosea. Injini ya dizeli haina plagi za cheche. Inabana hewa mpaka inapata joto la kuwasha chochote chenye asili ya mafuta kitakachopulizwa ndani. Kwenye maonyesho ya Paris ya mwaka 1900, injini ya namna hiyo iliendeshwa kwa mafuta ya karanga mbele ya watu, na Rudolf Diesel mwenyewe alilieleza jambo hilo miaka kumi na kitu baadaye.

Kazi ni mnato. Kwa joto la nyuzi 40, mafuta ya kupikia ni mazito kuliko dizeli kwa takriban mara kumi. Nozeli imetengenezwa ili itoe ukungu. Ikipewa mafuta mazito inatoa matone. Matone hayaungui yote. Mengine yanaganda kuwa kaboni kwenye ncha ya nozeli na kukwamisha ringi za pistoni, na mengine yanateremka hadi kwenye oili ya injini, ambako kwa joto na muda yanageuza oili hiyo kuwa uji mzito. Ndiyo maana wiki ya kwanza mwenye gari anatamba mtaani kwamba moshi wake unanukia chipsi, na baada ya miezi kadhaa injini inakufa bila yeye kujua kilichoiua.

Dawa ya mnato ni joto, na hapo ndipo ubadilishaji wa gari unapoanza. Tangi la awali linabaki na dizeli. Linaongezwa la pili kwa ajili ya mafuta ya kupikia, na ndani yake unazungushwa mrija unaopitisha maji ya moto ya radieta. Dereva anawasha gari kwa dizeli, anasubiri injini ipate moto, kisha anageuza vali ili injini inywe mafuta yaliyofikia nyuzi 70 au zaidi. Kabla hajazima, dakika chache kabla ya kufika, anarudi kwenye dizeli ili pampu na nozeli zioshwe. Akisahau, mafuta yanapoa ndani ya pampu, na asubuhi gari haliwaki.

Asubuhi za Lualaba si za kuchezea. Fungurume iko juu ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai baridi inauma kweli. Chupa ya mawese iliyolala dirishani msimu huo huchotwa kwa kijiko. Mafuta ya soya na ya alizeti yanabaki maji. Mawese, ambayo ndiyo yanayotumika zaidi Kongo, yanaganda. Kwa hiyo anayeishi huku hawezi kunakili tu mpango wa mtu wa pwani ya Mombasa au Tanga. Anahitaji joto tangini, kwenye mrija na hata kwenye chujio, kwa sababu mafuta yakiganda kwenye chujio, joto la tangini halisaidii kitu.

Kuna mtego mwingine ambao Fungurume inauingia kirahisi kuliko mji mwingine wowote. Fundi akitaka mrija wa kuzungusha ndani ya tangi, anachokimbilia ni shaba: inapinda vizuri, inapitisha joto haraka, na hapa ni nyumbani kwake, katika nchi ya pili duniani kwa uzalishaji wa shaba baada ya Chile. Ni chaguo baya. Shaba na shaba nyeupe huchochea mafuta ya mimea yachachuke na kushikana kuwa utando wa gundi, hasa yakiwa ya moto, na gundi hiyo ndiyo inayoziba chujio na kukwamisha pampu. Mrija uwe wa chuma kisichoshika kutu au wa aluminiamu. Mipira ya asili nayo huvimba na kulainika inapokutana na mafuta haya, hivyo ni bora kuibadilisha mapema kuliko kungoja ivuje katikati ya safari ya Kolwezi.

Si kila gari linafaa. Linalofaa kuliko yote tayari limejaa barabarani: Land Cruiser ya zamani yenye injini ya 1HZ, silinda sita, lita 4.2, pampu ya kimekanika na chumba kidogo cha kuwashia mafuta kabla hayajaingia kwenye silinda. Chumba hicho kinavumilia matone kuliko mfumo wa kupuliza moja kwa moja. Malori ya zamani ya HOWO yenye pampu ya kimekanika yanaweza kujaribiwa kwa uangalifu zaidi. Hilux mpya, na gari lolote lenye mfumo wa komoni reli, liachwe. Mfumo huo unasukuma mafuta kwa shinikizo la zaidi ya baa 1,000 kupitia matundu membamba mno, na chembe moja ya unga wa ngano inatosha kuharibu nozeli ambayo bei yake inazidi akiba yote ya mafuta ya mwaka mzima.

Na chembe hazikosekani. Mafuta yaliyotoka jikoni yana makombo, chumvi, maji na asidi iliyozaliwa na moto wa mara kwa mara. Ujerumani, ambako mhandisi Ludwig Elsbett alitengeneza injini za kunywa mafuta ya mimea, ina kiwango rasmi cha mafuta safi ya rapa yanayotumika kwenye injini, DIN 51605. Kinataka maji yasizidi miligramu 750 kwa kilo, yaani chini ya sehemu moja kwa elfu. Kufikia hapo hakuhitaji maabara, kunahitaji subira. Mafuta yanamiminwa kwenye pipa lililosimama mahali penye jua na kuachwa wiki mbili bila kuguswa. Bomba la kutolea linachomelewa juu kidogo ya kitako, ili tope na maji vibaki chini. Kinachotoka kinapitishwa kwenye kitambaa kizito, kisha kwenye chujio la maikroni 5, na mwisho la maikroni 1. Kipimo cha maji ni kikaango kikavu kilichokolea moto: matone ya mafuta yakidondoshwa na kutatarika, yana maji, yarudi pipani. Yakitulia na kutoa moshi tu, yamekauka. Pampu nyingi zinazolaumiwa kwa ajili ya mafuta ya mimea zimeuawa na maji ambayo hakuna aliyejisumbua kuyapima.

Njia ya Chavanne, ya kuyabadilisha mafuta kuwa biodizeli, inaliacha gari lilivyo na kuhamishia kazi kwenye pipa. Lakini leo kwa kawaida inafanywa kwa methanoli, sumu inayopenya kwenye ngozi na kuungua kwa mwali usioonekana vizuri mchana, pamoja na kosti soda. Spiriti inaweza kuchukua nafasi ya methanoli, mradi isiwe na maji. Na hapana, lutuku, pombe kali ya kienyeji, haifai. Iwe kali namna gani kooni, bado imejaa maji, na atakayeijaribu atavuna sabuni. Kazi hiyo iachiwe watu wenye karakana, glavu na vipimo.

Sasa hesabu, ambayo wengi huirukia mwanzoni na kuikosea. Akina mama wanaokaanga vitumbua na samaki alfajiri barabarani hawana mafuta ya kutupa. Yanaingia ndani ya vitumbua, na yanayobaki yanaongezewa mapya. Wanaobakiwa na mafuta ni majiko ya kambi. Tuseme jiko moja linatoa lita 60 kwa wiki, na Land Cruiser inakunywa lita 14 kwa kilomita 100. Fungurume hadi Kolwezi ni takriban kilomita 100, kwa hiyo lita hizo ni safari mbili za kwenda na kurudi, na kichupa cha akiba. Hapo hatujatoa tope lililobaki pipani, wala dizeli ya kuwashia na kuoshea. Kwa gari moja lenye kazi ya wastani ni mafuta ya maana. Kwa magari kumi ni bure.

Dubai walilitatua jambo hili kwa mkataba: tangu 2011 malori ya McDonald's nchini Emirati yanatumia biodizeli iliyotengenezwa na kampuni ya Neutral Fuels kutokana na mafuta ya mikahawa yao wenyewe. Mwenye mafuta machafu ndiye mwenye magari. Kambi ya mgodi iko katika hali hiyohiyo, na ina sababu ya ziada ya kujali. Mafuta yaliyochoka yakitoka getini bila utaratibu, yanaweza kurudi sokoni na kuishia kwenye malewa, vibanda vya chakula vya mtaani, yakikaangia chakula cha watu wengine huku yakiwa yameshajaa kemikali zinazotokana na kuchemshwa mara nyingi. Kuyachoma kwenye injini ni afadhali kuliko hilo.

Hata hivyo, anayetaka kuanza angefanya vizuri kuliacha gari kwanza na kutazama mashine ya kusaga. Injini ya taratibu ya aina ya Lister inakaa mahali pamoja, inafanya kazi kwa mzigo na mwendo uleule kwa saa kadhaa, na joto la ekzosi yake linaweza kutumika kupashia mafuta. Gari linalosimama getini huku injini ikinguruma kwa ajili ya kiyoyozi ni kinyume chake kabisa: halipati moto wa kutosha, na mafuta ya mimea yasiyoungua yanateremka kwenye oili.

Kwa hiyo mwenye 1HZ, jiko lililokubali kwa maandishi kumpa mafuta, na pipa la kuyatuliza, anaweza kuanza. Abadilishe oili ya injini kila inapofika nusu ya kilomita zilizoandikwa kwenye kitabu cha gari, na achomoe kijiti cha kupimia oili kila Jumatatu kabla ya kuwasha. Oili ikionekana kuongezeka au kuwa nzito, aimwage siku hiyohiyo na arudi kwenye dizeli mpaka fundi aangalie nozeli.