Rulema ya kinga yako: usinunue kwa macho tu



Tuwaze asubuhi moja hapa Kindu. Umeamka mapema, jua halijatoka. Umevuka mto kwa pirogi mpaka Alunguli, umeshika njia ya Kalima. Nyuma ya kinga umefunga chumvi, sabuni na nguo. Na ndani ya kichwa umefunga hesabu nyingine: faida ya safari hii njo minervali ya watoto.

Saa sita mchana gurudumu la nyuma linaanza kulia: kwi, kwi, kwi. Unasema, «Itafika tu.» Unasukuma. Kisha gurudumu linayumba, linagusa chuma cha kinga, na mwishowe linakataa kabisa kuzunguka. Uko katikati ya pori. Mzigo uko chini, mvua inakuja, fundi hayuko.

Ni nini kilichokuangusha? Vitu vidogo vya chuma ambavyo ungevificha vyote ndani ya ngumi moja. Juu ya vitu hivyo tunataka kuzungumza nawe leo.

Kinga njo kamyo yetu

Wazee wanajua: reli kati ya Kindu na Kongolo ilifunguliwa mwaka 1911, na tangu wakati ule bidhaa nyingi zilifika kwetu kwa treni. Machimbo ya Kalima yalikuwa na kampuni kubwa. Mwaka 1976 kampuni mbalimbali za madini ziliunganishwa zikawa SOMINKI. Lakini mwaka 1985 bei ya bati ilianguka ulimwenguni, na kazi ya kampuni ikadhoofika. Wachimbaji wa mikono wakabaki na kazi, na mzigo ukabaki juu ya kichwa, juu ya kinga, na baadaye juu ya moto.

Basi anayesema kinga ni kitu cha mchezo hajawahi kusukuma gunia. Kinga ikilala, nyumba nzima inalala na njaa.

Ndani ya gurudumu kuna nini?

Katikati ya gurudumu kuna kitovu, kile mafundi wanaita muaye. Ndani yake chuma cha akse kinabaki kimetulia, na muaye unazunguka. Chuma kikisugua chuma, vyote vinakwisha. Kwa hiyo kati yao wanaweka gololi za chuma, ambazo sisi tunaziita biye. Biye haisugui, inabingirika.

Akili hiyo si ya jana. Mwaka 1869 fundi wa kinga wa Paris, Jules Suriray, aliandikisha uvumbuzi wa kuweka biye katika magurudumu. Mwezi wa 11 mwaka uleule James Moore alishinda mashindano ya kutoka Paris mpaka Rouen, zaidi ya kilomita 120, akiwa juu ya kinga yenye biye hizo.

Leo utakuta namna mbili.

Ya kwanza: biye za wazi. Zinakaa ndani ya kikombe cha muaye, na kipande kinachoitwa kone kinazibana. Njo namna ya kinga za zamani na za VTT nyingi. Mara nyingi gurudumu la mbele linabeba biye 10 kila upande, zenye upana wa milimita 4,76; la nyuma biye 9 kila upande, za milimita 6,35. Lakini usitegemee gazeti: fungua, hesabu za kwako, andika.

Ya pili: rulema. Hii ni duara ya chuma iliyofungwa, biye zikiwa ndani yake tayari. Kinga kadhaa za VTT zinatumia hii. Huongezi biye, unatoa rulema nzima na kuweka nyingine.

Namba inasema ukweli

Hapa njo tunadanganyika wengi. Unafika sokoni, unasema, «Papa, nipe rulema ya VTT.» Muuzaji anakuletea moja inayong’aa. «Yaya, chukua hii! Iko ya Japani, haina shida!» Unalipa. Unafika nyumbani, haiingii.

VTT si kipimo. Kipimo kimeandikwa juu ya rulema yenyewe. Pangusa ile ya zamani kwa kitambaa chenye petroli, tazama ubavuni. Utaona namba. Kila namba ina vipimo vitatu: upana wa tundu la ndani, upana wa nje, na unene.

6000: tundu milimita 10, nje 26, unene 8.
6001: tundu 12, nje 28, unene 8.
6902: tundu 15, nje 28, unene 7.
6301: tundu 12, nje 37, unene 12.

Tazama vizuri. 6001 na 6301 zina tundu moja. Muuzaji wa vipande vya moto anaweza kukuonyesha 6301 na kusema, «Tundu iko moja, itaenda.» Kwenye akse itaingia, ndiyo, ndani ya muaye haitaingia hata siku moja. Tena 6001 na 6902 zina upana mmoja wa nje, lakini tundu ni tofauti. Kipimo kimoja hakitoshi. Vitatu vyote vikubaliane.

Kisha tazama herufi. 2RS maana yake imefunikwa kwa mpira pande zote mbili. ZZ maana yake imefunikwa kwa bati. Kwetu, penye mvua, matope na mito ya kuvuka, chagua ya mpira. Bati linazuia vumbi, lakini maji yanapita.

Mbele ya meza ya muuzaji

Kwanza, peleka ile ya zamani. Usiende na maneno, nenda na kipande mkononi.

Pili, jina kubwa juu ya boksi si ushuhuda. Boksi linachapwa popote. Namba ya boksi na namba iliyoandikwa juu ya chuma ziwe moja, na maandishi yawe safi.

Tatu, ingiza kidole ndani ya tundu, zungusha polepole. Mpya inapita laini. Ukisikia kama mchanga, rudisha. Ukitikisa na ikacheza sana, rudisha.

Nne, tazama ukingo wa nje. Ukiona mikwaruzo au kutu, huenda ilishatumika, ikaoshwa na kupakwa grisi ili ipate sura ya ujana.

Kama ni biye za wazi, nunua zote kwa mara moja, za kipimo kimoja. Usichanganye mpya na za zamani, maana ile iliyo kubwa kidogo inabeba mzigo wa wenzake wote mpaka inapasuka. Tena chunguza kone: pitisha ncha ya biki pale biye zinapotembea. Ncha ikikwama kwenye vishimo, kone imekwisha. Biye mpya juu ya kone mbovu ni franga ulizotupa mtoni.

Kuiweka

Rulema nyingi nzuri zinakufa siku ya kwanza, juu ya nyundo. Ukiingiza rulema ndani ya muaye, sukuma duara ya nje tu. Ukipiga duara ya ndani, pigo linapita katikati ya biye na kuzichimbia vishimo ndani. Tumia rulema ya zamani au bomba lenye upana wa duara ya nje, na ukandamize polepole, sawasawa, isiingie upande.

Kwa biye za wazi, safisha kikombe, weka grisi mpya, panga biye, kisha kaza kone. Ukikaza mno, gurudumu linakuwa zito na biye zinajila. Ukilegeza mno, linayumba. Tafuta pale gurudumu linazunguka lenyewe bila kucheza. Baada ya siku chache za kazi, pima tena.

Kabla ya safari

Kila juma chukua dakika mbili. Shika gurudumu juu, litikise kushoto na kulia: linacheza? Liinue, lizungushe, weka mkono juu ya chuma cha kinga: unasikia mtetemo kama wa mchanga? Usingoje lilie. Likianza kulia, muaye wenyewe umeanza kuliwa, na siku hiyo hutanunua rulema tu, utanunua gurudumu zima.

Nawe kijana unayetafuta kazi, sikiliza: anayejua kusoma namba hizi na kusema kweli mbele ya mteja hatakosa watu. Akiambia mama mmoja, «Mama, hii si ya kinga yako, usinunue,» leo anapoteza franga kidogo, kesho mama yule analeta jirani zake watatu.

Leo jioni, kabla hujasahau, chukua daftari. Andika namba ya rulema ya mbele na ya nyuma, au hesabu ya biye na kipimo chao. Weka karatasi hiyo pamoja na funguo za kinga. Siku gurudumu likikataa, uwe Kindu, Kalima au Kailo, utajua cha kuomba, na hakuna atakayekuuzia mng’ao.

Safari njema.