Ruzuku ya Kilimo na Mizani ya Biashara ya Dunia

Mkulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa alijua zamani kwamba kupunjwa si kwa bei peke yake, bali pia kwa mizani. Ushirika wa pamba wa miaka ya 1950 ulipata nguvu wakulima walipochoka na mizani ya wanunuzi. Yafaa makada na wanafunzi wetu waikumbuke historia hiyo wanaposoma Mkataba wa Kilimo wa Shirika la Biashara Duniani (WTO), uliotiwa saini Marrakesh mwaka 1994 na kuanza kutumika tarehe 1 Januari 1995. Mkataba huo haukatazi ruzuku kwa wakulima. Unaipima, kisha unaiwekea kikomo. Kwa hiyo suala la kwanza ni kujua inapimwa vipi.

Ruzuku hutiwa katika masanduku matatu. La njano ni la ruzuku inayomsukuma mkulima kuzalisha zaidi au inayogeuza bei. Hii ndiyo inayohesabiwa. La kijani ni la matumizi yanayosemekana hayaigusi biashara: utafiti, ugani, mapambano dhidi ya magonjwa ya mazao, na hata fedha anazopewa mkulima bila kujali analima nini. Hayana kikomo. La buluu, lililotokana na mapatano ya Marekani na Jumuiya ya Ulaya ya mwaka 1992, ni la malipo yenye masharti ya kupunguza uzalishaji, nalo halina kikomo. Ni dhahiri kwamba nchi yenye hazina nene inaweza kuhamisha fedha kutoka sanduku moja hadi jingine, na mkulima wake asipoteze hata senti moja. Ulaya ilifanya hivyo kwa mageuzi ya sera yake ya kilimo ya mwaka 2003.

Wakati mwingine uhamishaji huo hushindwa. Brazil iliishitaki Marekani mwaka 2002 kwa ruzuku ya pamba. Marekani ilidai kwamba baadhi ya malipo yake ni ya kijani. Waamuzi wakakataa, kwa sababu malipo hayo yalipunguzwa kwa mkulima aliyepanda matunda au mboga katika shamba hilo. Basi hayakuwa huru na zao linalolimwa. Rufani ilithibitisha uamuzi huo mwaka 2005. Mwaka 2014 Marekani ilikubali kuilipa Brazil dola milioni 300 ili kumaliza shauri. Wakulima wa Benin, Burkina Faso, Chad na Mali, ambao nchi zao zilipeleka kilio chao cha pamba WTO mwaka 2003, hawakuwa katika mapatano hayo.

Sasa tutazame kikomo chenyewe. Miaka ya 1986 hadi 1988 ilichukuliwa kuwa msingi. Nchi tajiri zilizokuwa zikitoa ruzuku kubwa wakati huo zilitakiwa kuipunguza kwa asilimia 20 katika miaka sita, na iliyobaki ikawa haki yao. Marekani ilibaki na ruhusa ya dola bilioni 19.1 kwa mwaka. Nchi nyingi zinazoendelea zilikuwa zikimkamua mkulima badala ya kumsaidia (tuseme kweli, bodi zetu za mazao hazikuwa na mikono safi), hivyo hazikuwa na ruzuku ya kuandikisha. Zilipewa kiwango cha kusamehewa tu: asilimia 10 ya thamani ya zao. Nchi tajiri zilipata asilimia 5, lakini juu ya ile haki yao ya zamani. Aliyekuwa akila kwa sinia aliambiwa apunguze kidogo. Aliyelala njaa aliambiwa asizoee kula.

Penye hila zaidi ni hesabu ya bei. Huchukuliwa bei iliyopangwa na serikali, ikatolewa bei ya kigezo ya nje, kisha tofauti ikazidishwa kwa kiasi cha mazao yanayostahili bei hiyo. Kigezo hicho ni bei ya 1986–88, nayo imegandishwa. Tuchukue mfano wa kubuni. Kigezo ni shilingi 100 kwa kilo. Leo, baada ya miaka mingi ya mfumuko wa bei, soko la dunia ni shilingi 900, na serikali inanunua kwa 800. Mkulima amepunjwa shilingi 100. Mkataba unaandika kwamba amepewa ruzuku ya shilingi 700! Tena kilo zinazohesabiwa si zile zilizoingia ghalani tu. Katika shauri la nyama ya ng'ombe ya Korea, mwaka 2000, iliamuliwa kwamba huhesabiwa kiasi ambacho serikali ilitangaza kuwa tayari kununua. Serikali isiyotaja kiasi inaweza kuhesabiwa mavuno yote.

India imeyaonja hayo. Hununua mpunga na ngano kwa bei iliyopangwa ili kulisha mamilioni ya maskini, na mwaka 2013 ilitunga sheria ya usalama wa chakula. Desemba mwaka huo, Bali, ilipatikana kinga ya muda ya kutoshitakiwa kwa akiba ya chakula iliyokuwapo. Kwa msimu wa 2018/19 India yenyewe ilieleza kwamba ruzuku ya mchele ilifikia dola bilioni 5 kwa mavuno ya thamani ya dola bilioni 43.67, yaani zaidi ya asilimia 11, ikajikinga kwa mapatano ya Bali. Mkutano wa Abu Dhabi wa mwaka 2024 ulimalizika bila ufumbuzi wa kudumu.

Tanzania, ikiwa katika kundi la nchi zilizo nyuma kabisa kimaendeleo, haikutakiwa kupunguza chochote. Kifungu cha 6.2 kinaziruhusu nchi zinazoendelea kutoa ruzuku ya pembejeo kwa wakulima wenye kipato cha chini bila kuihesabu, na mbolea ya ruzuku ya msimu wa 2022/23 inaweza kutetewa hapo. Lakini ile asilimia 10 kwa kila zao ipo. Serikali ikinunua kwa bei ya soko ya siku ile, hakuna cha kuhesabu. Ikipanga bei yake, hesabu inaanza. Basi kada wa Songea au Sumbawanga anaposikia Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula umetangaza kununua mahindi, aulize mambo mawili: bei hiyo ni ya soko au ya kupangwa, na tangazo limetaja tani ngapi?