Programu imepimwa asilimia 80: maana yake nini?

Wengi wetu hapa Kigoma na Ujiji tuna simu, na mara kwa mara simu hutuomba tusasishe programu fulani. Tunabonyeza tu. Lakini nani amehakikisha kwamba sasisho hilo halijaharibu kilichokuwa kikifanya kazi jana?

Sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa na kompyuta. Mtengenezaji anapobadilisha msimbo, yaani maelekezo yanayoiendesha programu, seva huuchukua, huuunganisha na wa wenzake, kisha huendesha majaribio yaliyoandaliwa. Jaribio moja likishindwa, mabadiliko hurudishwa yakarekebishwe.

Je, majaribio yenyewe yamefika kila mahali? Chukua mfano wa mnunuzi wa maharage kutoka Kasulu. Mbele yake yapo magunia 10. Akichoma bambo magunia 8, amepima asilimia 80. Mawili yaliyobaki huenda ndiyo yenye mawe. Vivyo hivyo, programu ikiwa na mistari 1,000 na majaribio yakapita katika mistari 800, imepimwa asilimia 80.

Ili seva itoe hesabu hiyo kila mara, watengenezaji huipangia mambo manne. Kwanza, majaribio yaendeshwe pamoja na chombo cha kuhesabu mistari, kama JaCoCo kwa lugha ya Java au Coverage.py kwa Python. Pili, chombo kiandike ripoti na seva iitunze. Tatu, anayekagua mabadiliko aione ripoti hiyo, pamoja na mistari isiyoguswa. Nne, kiwekwe kikomo: asilimia ikishuka chini yake, mabadiliko yasipite.

Kwa nini tujali? Ipo OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanzishwa mwaka 2004. Mwaka 2006 ulianza kutumika Eldoret, Kenya, katika huduma za watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Umeandikwa kwa Java, na watu wa nchi nyingi huuchangia msimbo wake. Katika mfumo wa namna hii, mtu akibadilisha mstari mmoja akiwa mbali, matokeo huonekana kwa muuguzi aliyeketi na mgonjwa.

Hata hivyo, asilimia kubwa inaweza kutudanganya. Tuseme programu inakokotoa dozi kwa uzito wa mtoto. Jaribio linaingiza kilo 10, programu inatoa jibu, lakini jaribio haliangalii kama jibu ni sahihi. Ripoti itasema mistari hiyo imepimwa. Ni sawa na kuchoma bambo bila kutazama maharage yaliyomwagikia kiganjani.

Kwa vijana wetu wanaojifunza kutengeneza programu, ushauri ni huu: anzeni na kikomo kinacholingana na hali yenu ya leo, kisha mkipandishe taratibu. Someni kwanza mistari isiyoguswa, hasa inayohusu fedha na afya. Msiandike majaribio kwa ajili ya kupandisha namba tu.

Nasi watumiaji tuna nafasi yetu. Programu ikikosea, tuwaeleze wahusika tulibonyeza nini na tukaona nini. Mtengenezaji makini huligeuza lalamiko hilo kuwa jaribio jipya, ili kosa lilelile lisipite tena.